Simba wa Witu na deni la udongo

Wanafunzi wetu wa historia hukutana na Sultani wa Witu katika kurasa mbili tatu tu. Huambiwa kwamba mnamo Aprili 1885 aliwapa ndugu wawili Wajerumani sehemu ya ardhi yake, kwamba mwezi uliofuata Ujerumani ikatangaza himaya yake huko, na kwamba miaka mitano baadaye Uingereza ikaichukua himaya hiyo kwa mapatano yaliyofanywa Ulaya. Mtihani ukishapita, jina la mzee huyo husahaulika pamoja na tarehe zake. Sina ugomvi na walimu wa historia, kwani hayo yote ni kweli na yanastahili kujulikana. Langu ni kwamba maisha ya mtu huyu yana upande mwingine ambao, kwa maoni yangu, una manufaa makubwa zaidi kwa mtoto wa Lamu wa leo kuliko habari za mikataba na manowari. Huo ni upande wa udongo aliokanyaga, na msitu uliomlisha.

Jina lake kamili lilikuwa Ahmed bin Fumo Luti, wa ukoo wa Nabahani uliotawala Pate kwa karne kadhaa. Watu walimpa lakabu ya Simba, na ndiyo iliyodumu. Alirithi heshima ya kale na ufalme uliochakaa. Pate iliyokuwa na nguvu na utajiri katika karne za 17 na 18 ilikwisha kuvunjika mgongo katika vita vya Shela, mnamo mwaka wa 1812 hivi, ambapo watu wa Lamu waliwashinda Wapate na wenzao Wamazrui wa Mombasa. Lamu ikatafuta ulinzi wa Seyyid Said wa Omani, na tangu hapo watawala wa Pate walibanwa katikati: upande huu wenyeji wa Siyu waliokataa kutawaliwa na Waarabu wa Unguja, upande ule majeshi ya Unguja yenyewe.

Kabla hatujamfuata Simba katika safari zake, na tukitazame kwanza kisiwa alichokiacha. Anayekijua Pate anajua kwamba chini ya udongo wake kuna matumbawe, na kwamba mahali pengi jembe halizami hata shubiri moja kabla ya kugonga mwamba. Mvua ikinyesha, maji hupenya upesi kwenye nyufa na kupotea. Visiwa vya Lamu na Manda navyo vina mchanga na mawe ya aina hiyo hiyo. Minazi hustawi, na mboga za uani pia, lakini nafaka ya kulisha miji haikupatikana hapo. Kwa hiyo watu wa visiwani walivuka mlango wa bahari wakalima bara, ng'ambo ya pili, katika mashamba waliyoyaita makonde. Walifyeka msitu, wakachoma, wakapanda mtama, mahindi na simsim. Baada ya misimu michache walihamia mahali pengine na kuyaacha ya kwanza yarudi kuwa kichaka. Kazi hiyo, katika karne ya 19, ilifanywa kwa wingi na watumwa.

Mavuno yalipakiwa majahazini. Mtama ulikwenda mijini na hata Arabuni. Simsim ya Lamu ilinunuliwa na wafanyabiashara wa Kizungu, wakiwemo Wafaransa walioipeleka Marseille ikakamuliwe mafuta. Biashara hii ndiyo iliyojenga nyingi za nyumba za mawe tunazowaonyesha wageni kwa fahari, na hakuna ubaya kujivunia ufundi wa mababu. Ila mwalimu wa sayansi ya kilimo angeweza kumwomba mwenzake wa historia nusu saa ya kipindi chake, wafanye hesabu moja ubaoni. Punje za simsim zina protini takribani asilimia 18 hadi 20, na sehemu moja kati ya sita za protini ni naitrojeni. Gunia la kilo 90, basi, hubeba kilo mbili na nusu au zaidi za naitrojeni, na fosforasi karibu nusu kilo. Hivyo vyote vilitoka katika udongo wa bara ya Lamu. Gunia likishavuka bahari, halirudi. Zidisha kwa maelfu ya magunia, kisha kwa miaka hamsini, ndipo utakapoona kilichokuwa kikisafirishwa pamoja na kaskazi na kusi. Konde halikuhamwa kwa sababu wakulima walikuwa wavivu au wajinga. Lilihamwa kwa sababu lilikuwa limekwisha kuuzwa, gunia baada ya gunia.

Naye aliyekula mtama huo mjini hakuwa na njia ya kuurudisha. Majivu ya jikoni, mifupa ya samaki, makumbi, samadi ya punda na mbuzi, vyoo vya nyumba za mawe, yote yalibaki mjini yakazikwa papo hapo au yakaishia baharini. Mji ulikuwa kama mtungi wenye mdomo mpana usio na mahali pa kumiminia. Ukitaka ushahidi, nenda Pate leo. Magofu ya mji wa kale yamezungukwa na mashamba ya tumbaku, na tumbaku ni mmea mlafi usioridhika na udongo dhaifu. Hustawi pale kwa sababu karne nyingi za maisha ya watu ziliacha chokaa, majivu, mifupa na taka katika ardhi hiyo ndogo. Wachunguzi wa mambo ya kale hutambua makazi yaliyopotea kwa kupima fosforasi udongoni, maana fosforasi haihami upesi. Rutuba iliyochotwa katika makonde ya bara imelala chini ya nyumba za Wanabahani, na mkulima wa tumbaku ndiye mrithi wake.

Sasa turudi kwa Simba mwenyewe. Mwishoni mwa miaka ya 1850, baada ya kifo cha Seyyid Said, aligombana na Seyyid Majid, mtawala mpya wa Unguja. Pate haikumweka tena. Alishirikiana na Siyu, mji uliokuwa umeyashinda majeshi ya Unguja mara moja na kupata jina kwa ujasiri huo. Lakini mnamo 1863 Siyu nayo iliangushwa. Simba akavuka kwenda bara pamoja na wafuasi wake, akakaa kwanza Kau, kando ya mto Ozi, halafu akaingia ndani zaidi, mahali palipozungukwa na msitu mzito. Hapo ndipo Witu.

Wengi wameandika kwamba alichagua Witu kwa sababu za kivita, nami nakubali. Manowari ya Unguja haikuweza kufika huko, wala mzinga haukuburutika kirahisi kwenye njia nyembamba zenye mizizi na miiba. Lakini mtu hali miiba. Watu mamia, kisha maelfu, hawawezi kukaa mahali zaidi ya miaka ishirini kwa sababu tu adui hawafikii. Ni lazima wale. Na hapa ndipo msitu wa Witu unapotaka maelezo, kwa sababu kwa mtazamo wa haraka mahali pale si pa ajabu. Sehemu kubwa ya udongo wake ni mchanga. Ukiuchota mkononi kutoka kina cha mkono mmoja, utaona umepauka na haushikani. Vipi basi miti mikubwa namna ile husimama juu yake?

Jibu ni kwamba akiba ya msitu haimo katika mchanga, bali imo katika miti yenyewe na katika tabaka jembamba la juu, lenye majani yaliyooza na mizizi myembamba kama nyuzi. Mti unapotaka kuangusha jani, kwanza hulinyonya, ukarudisha shinani sehemu kubwa ya naitrojeni na fosforasi iliyomo. Kinachoanguka ni mabaki. Hata hayo mabaki hayaachwi. Mchwa huyakata, nyungunyungu huyavuta chini, jongoo na mende wa samadi hutwaa fungu lao, kisha kuvu na bakteria hukamilisha kazi. Zipo kuvu zilizofungamana na mizizi ya miti kwa namna ya ushirika: kuvu hutafuta fosforasi mbali kuliko mzizi unavyoweza kufika, nao mti huilipa kwa sukari iliyotengenezwa na majani. Kinachooza leo hunyonywa kesho, kabla mvua ya masika haijakipeleka chini kusikofikiwa. Mboji inayobaki hufanya kazi ambayo katika nchi nyingine hufanywa na mfinyanzi: hushika maji na kuzuia madini yasioshwe. Mchanga peke yake hauwezi kushika chochote. Ondoa mboji, na udongo wa Witu ni chujio tu.

Ndiyo maana kufyeka na kuchoma huleta neema ya muda mfupi. Moto hugeuza akiba ya miaka mingi kuwa jivu kwa siku moja. Jivu lina potasiamu, kalisi na fosforasi, nalo hupunguza uchachu wa udongo, kwa hiyo mtama wa mwaka wa kwanza hupendeza macho. Lakini naitrojeni iliyokuwa katika majani na matawi, sehemu yake kubwa imekwenda na moshi. Mwaka wa pili mavuno bado ni mazuri. Mwaka wa tatu magugu huanza kushinda, kwa sababu mboji imeoza katika joto na jua bila kuongezwa nyingine. Wazee wa makonde walijua mpangilio huo bila kusoma kemia, wakauheshimu kwa kuhama. Kichaka kilichoachwa kwa miaka kumi au zaidi kililipa deni polepole: mizizi mirefu ilivuta madini kutoka chini, na miti ya jamii ya kunde ilivuta naitrojeni kutoka hewani kwa msaada wa bakteria walio katika vinundu vya mizizi yake.

Watu waliomzunguka Simba huko Witu hawakuwa Wanabahani na Waswahili wa visiwani pekee. Wengi walikuwa watoro, yaani watumwa waliotoroka mashamba ya Lamu, Mkonumbi na kwingineko, wakakimbilia msituni wakijua hakuna atakayewafuata. Simba aliwapokea, walikuwa nguvu yake. Walijenga vijiji vyao wenyewe katika msitu na pembezoni mwake, wakavizungushia maboma ya magogo, wakalima. Sitaki kumpamba mtu huyu kupita kiasi kama wafanyavyo baadhi ya waandishi. Majirani zake walilalamika kwamba watu wa Witu walishambulia mashamba na kuteka watu, na katika himaya yake mwenyewe utumwa haukukoma. Hakuwa mkombozi wala mtunza mazingira. Alikuwa mtawala aliyefukuzwa, akitafuta mahali pa kusimama.

Lakini ni vizuri tukitazame kilimo cha watoro hao kwa makini. Walikuwa ndio wakulima hasa wa makonde ya bara. Mikono yao ndiyo iliyofyeka, ikapalilia na kuvuna simsim iliyopelekwa Marseille. Walipotorokea msituni walilima tena, ila safari hii mavuno yaliliwa pale pale. Shamba la mtoro lilikuwa uwazi mdogo katikati ya miti, kwa sababu uwazi mkubwa ungeonekana na adui. Miti iliyobaki kandokando iliendelea kudondosha majani yake shambani. Taka za jikoni, majivu na mabua vilirudi hatua chache kutoka mlangoni, wala havikuvuka bahari. Naam, waliuza pembe za ndovu na mpira uliogemwa kwenye mitambaazi ya msituni, lakini mpira ni kaboni na hidrojeni, vitu ambavyo mmea hupata kwa hewa na maji. Udongo haukudhoofika kwa kuuzwa kwake. Kwa hiyo, bila mtu yeyote kukusudia, mzunguko uliokuwa umekatwa na majahazi uliunganishwa tena ndani ya boma la Simba. Msitu ulihifadhiwa kwa sababu ulikuwa ukuta wa mji, na udongo ukahifadhiwa kwa sababu msitu ulihifadhiwa.

Wageni walianza kumfikia. Mnamo 1867 alifika Mjerumani Richard Brenner, aliyekuwa akifuatilia habari za msafiri mwenzake von der Decken aliyeuawa kwenye mto Juba. Simba alitumia nafasi hiyo kuomba ulinzi wa Prussia. Hakupata jibu la maana, lakini wazo halikumtoka. Miaka kumi na minane baadaye ndugu Clemens na Gustav Denhardt, ambao tayari walikuwa wamesafiri kwenye mto Tana, walikuja na karatasi. Tarehe 8 Aprili 1885 aliwapa maili mraba 25 za ardhi, na tarehe 27 Mei Ujerumani ikaiweka nchi yake yote iliyobaki chini ya ulinzi wake. Seyyid Barghash wa Unguja alikuwa ametuma askari kumkabili. Mnamo Agosti manowari za Ujerumani zilitia nanga mbele ya jumba lake, akarudi nyuma. Kwa mizani ya siasa, mzee alikuwa ameshinda. Mwanafunzi anaweza kumlaumu kwa kuuza nchi, na lawama hiyo ina nafasi yake. Mimi humwona kama mtu aliyeuza kipande ili anusuru kilichobaki, asijue kwamba wanunuzi hawakuwa na mazoea ya kutosheka na kipande.

Alifariki mwaka wa 1889 akiwa mzee sana. Akarithiwa na Fumo Bakari, naye hakukaa hata miaka miwili kwa amani. Na sababu ya balaa lake, ambayo vitabu huipitia kwa sentensi moja, ilikuwa miti. Julai 1890 Ujerumani ilikuwa imeiachia Uingereza haki zake zote za Witu kwa mkataba wa Heligoland. Septemba ya mwaka huo Mjerumani aitwaye Andreas Küntzel alifika na wenzake wakitaka kukata magogo na kupasua mbao katika msitu. Sultani alikataa. Küntzel alitoa maneno makali, risasi zikalia langoni, yeye na wengi wa wenzake wakauawa. Oktoba, Waingereza waliteremsha jeshi chini ya Amirali Fremantle. Likapanda kutoka Kipini, likauteketeza mji wa Witu. Fumo Bakari alifariki mapema mwaka uliofuata. Ndugu yake Fumo Omari aliendeleza mapambano kutoka maboma ya msituni, Pumwani na Jongeni, hadi yalipovunjwa mnamo 1893. Tazama, basi: ufalme ulioanza kwa kujificha nyuma ya miti uliangamia kwa ugomvi juu ya nani mwenye ruhusa ya kuikata.

Kilichoufuata udongo baada ya hapo ni kisa cha ajabu, na ndicho kilichonifanya nichukue kalamu. Mnamo 1907 hali ya utumwa ilifutwa kisheria katika pwani ya Kenya. Matajiri wa visiwani walikosa mikono ya kulima makonde, na sehemu kubwa ya mashamba ya bara ikarudi kuwa kichaka. Udongo ukapumzika. Halafu, kuanzia 1963, vita vya Shifta viliwakimbiza Wabajuni kutoka vijiji vyao vya bara. Watu wakavuka kurudi visiwani na wengine kwenda mbali zaidi, wakaacha nyumba, misikiti, visima na makonde. Udongo ukapumzika tena. Mara mbili katika karne moja rutuba ya bara ya Lamu ilirudi, na mara zote mbili haikurudi kwa busara ya mtu. Mara ya kwanza ilitokana na kuporomoka kwa mfumo dhalimu, mara ya pili ilitokana na damu na ukimbizi. Tumezoea kusema kwamba ardhi yetu ni nzuri. Hatusemi ni nani aliyeilipia.

Sasa hali imebadilika, wala haitarudi ilivyokuwa. Katika miaka ya 1970 serikali, kwa msaada wa Ujerumani hiyo hiyo, ilianzisha mradi wa makazi wa Ziwa Kenyatta huko Mpeketoni, na familia kutoka sehemu nyingi za Kenya zikapewa mashamba. Miradi mingine ikafuata. Walowezi hao walifanya kazi ya kusifika; pamba, mahindi, korosho na matunda ya Lamu yanatoka kwa wingi mikononi mwao. Lakini shamba lenye mipaka na hati haliwezi kuhama. Mkulima akimaliza rutuba ya ekari zake, hana konde jingine la kwenda isipokuwa msitu wa serikali. Ndiyo sababu msitu wa Witu, ambao ni hifadhi kwa mujibu wa sheria, umekuwa ukimegwa kando kwa mashamba, makaa na mbao. Askari wa misitu wanaweza kumkamata mtu mmoja au kumi. Hawawezi kuukamata udongo uliochoka, nao ndio unaomsukuma mtu huyo msituni.

Kwa hiyo kilimo hai, kile cha kutumia mboji na samadi badala ya kutegemea mbolea ya dukani, si anasa ya Wazungu wanaotafuta mboga safi, kama baadhi ya wenzangu wanavyodhani. Kwa Lamu ni kumfundisha mkulima afanye kwa mikono ile kazi iliyokuwa ikifanywa na kichaka cha miaka kumi. Mwingereza Albert Howard, aliyefanya kazi miaka mingi India na kuchapisha kitabu chake mashuhuri mwaka wa 1940, aliijenga hoja yake yote juu ya kanuni ya kurudisha: kila kilichotoka shambani kirudi shambani. Hapa kwetu, Taasisi ya Kilimo Hai ya Kenya imekuwa ikifundisha njia hizo tangu 1986. Sisemi mbolea ya chumvi ni sumu. Nasema kwamba ukiimwaga juu ya mchanga usio na mboji, masika yataiosha, na mkulima atakuwa amenunua kitu cha kurutubisha maji ya chini ya ardhi.

Najua pingamizi. Mboji ni kazi nzito, na ekari moja hutaka mikokoteni mingi. Mwenye shamba kubwa la pamba atacheka. Ni kweli, haiwezekani kulirutubisha shamba zima kwa shimo moja la mboji lililo nyuma ya nyumba. Ndiyo maana sehemu kubwa ya kazi lazima ifanywe na mimea yenyewe: kunde, pojo na mbaazi zikipandwa kati ya mistari ya mahindi, majani ya mikorosho yakiachwa chini badala ya kufagiwa na kuchomwa, mabua yakitandazwa juu ya ardhi. Ama simsim, dawa yake ni nyepesi kuliko tunavyodhani. Mafuta yenyewe, kama ule mpira wa msituni, yametokana na hewa na maji. Naitrojeni na fosforasi hubaki katika mashudu. Zamani pwani yetu ilikuwa na vinu vilivyozungushwa na ngamia kwa ajili ya kukamua mafuta hayo. Lau simsim ingekamuliwa karibu na shamba na mashudu yakapewa ng'ombe ambao samadi yao inarudi shambani, mkulima angeuza mafuta miaka nenda miaka rudi bila kuuza udongo wake.

Kisha kuna ule mtungi usio na mahali pa kumiminia. Kisiwa cha Lamu kina punda kiasi cha 3,000, na kila apitaye vichochoro vyake anajua wanachoacha nyuma. Samadi hiyo hufagiliwa kila siku pamoja na plastiki na makopo, na baadaye kutupwa. Sokoni kuna vichwa na matumbo ya samaki. Majumbani kuna makumbi ya nazi na maganda ya ndizi. Ng'ambo, mwendo mfupi kwa boti hadi Mokowe na kutoka hapo kwa barabara hadi Hindi, kuna wakulima wanaolalamika kwamba shamba limechoka. Boti zinazoleta mboga kisiwani hurudi bara zikiwa na nafasi. Serikali ya kaunti ikitaka mradi usio na gharama kubwa, huu hapa: tenganisha samadi na plastiki kabla ya fagio kuvichanganya, kisha uivushe.

Walimu wa Witu, Hindi na Mpeketoni hawana haja ya kuingoja kaunti. Wachukue wanafunzi wao siku moja, kabla ya masika, wakiwa na jembe na chupa mbili za maji. Wachimbe shimo la kina cha mkono mmoja pembeni mwa msitu, kwa idhini ya askari wa misitu, na jingine katika shamba la mahindi lililolimwa mfululizo kwa miaka kumi. Wapime kwa rula unene wa tabaka jeusi katika kila shimo, wahesabu wadudu na nyungunyungu wanaowaona, wamimine maji na kutazama ni wapi yanashikwa na ni wapi yanakimbia. Matokeo yaandikwe katika daftari la sayansi, na ukurasa wa pili wa daftari hilo hilo uachiwe historia: ni nani aliyelima hapa mnamo 1880, ni nani mnamo 1920, ni nani mnamo 1970, na mavuno yalikwenda wapi.